Kitambaa cha Saba

Mueni, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za gereji, ameniambia niandike haya kabla sijaanza kusahau. Nilimjibu kwamba fundi hasahau, naye akacheka sana, kwa sababu anajua, kama nanyi mtakavyojua, kwamba hilo ni neno ambalo mimi sina haki tena ya kulisema. Basi naandika. Vyeo sitavitaja maana nilikuwa na viwili tu, kwanza kijana wa Nzioka, kisha Fundi Muia. Mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia gereji ya Nzioka, nyuma ya soko la Machakos, nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya kanisani. Mama ndiye aliyenivisha. Alisikia nimepata kazi mjini, akadhani kazi zote za mjini hufanyiwa mezani. Nzioka alikuwa mtu mfupi wa kifua kipana, asiyepandisha sauti hata spana ikimwangukia mguuni. Alinitazama kutoka kola hadi viatu. Akachukua katoni, akaitandika chini ya lori, akaniambia, "Ingia. Ukitoka uniambie ni nini inavuja."

Nikaingia chali. Nilipofungua mdomo kupumua, tone likanitumbukia humo humo. Nikatoka nikitema.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni oili, Mzee, lakini si ya injini. Ya injini naijua, mjomba wangu ako na posho mill ya kusaga mahindi, inaendeshwa na injini. Hii ni nzito na inanuka kiberiti."

"Hiyo ni ya giaboksi. Umeijuaje kwa haraka hivyo?"

"Imeniingia mdomoni."

"Basi umepata kazi," akasema Nzioka. "Lakini usiizoee hiyo njia."

Lile shati halikufulika tena likatakata, na ndilo lililokuwa vitambaa vyangu vya kwanza. Hapa lazima nieleze, maana ndiyo kawaida ya gereji yetu ambayo wageni huiona kichaa. Kwa Nzioka hakukuwa na matambara ya pamoja. Kila fundi alileta nguo kuukuu kutoka kwake, akairarua vipande saba, na jioni kabla ya kunawa mikono akavipanga vyote saba mezani. Mwenye sita haendi nyumbani hadi cha saba kipatikane. Ukifungua injini unaziba matundu yake kwa vitambaa ili vumbi lisiingie, na kitambaa kilichosahaulika ndani ni kibaya kuliko hilo vumbi. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na nguo yake, hakuna aliyeweza kuruka akasema si changu. Mama aliponiuliza shati liko wapi nilimwambia liko kazini. Huo haukuwa uongo.

Nzioka alinifundisha moshi kabla ya kunipa spana. Rangi mnazijua: mweusi ni petroli nyingi, mweupe ni maji, wa buluu ni oili inaungua. Hapo ndipo mafundi wengi huishia, wakamwambia mwenye gari injini imekwisha. Nzioka alisema rangi inakuambia ni nini, lakini wakati ndio unaokuambia ni wapi. Moshi wa buluu ukitoka asubuhi unapowasha tu, kisha ukaisha, hizo ni sili za vali, vile vimpira vinavyozuia oili. Oili ilidondoka polepole gari likiwa limelala. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, ogopa ringi za pistoni. Na ukiteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, halafu pale chini ukakanyaga na wingu likatoka, mahali vali inapopita pamelegea. Wenzetu wa nchi tambarare wana mashine za kupima mambo hayo. Sisi tuna vilima vya Mua, na havihitaji umeme.

Uvujaji nao ulikuwa na somo lake. Oili hushuka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea si pale inapotokea. "Tone la chini lina mama yake juu," alizoea kusema. Tuliosha injini kwa mafuta ya taa na brashi mpaka ikang'aa, tukaipaka poda ya mtoto, tukaizungusha mjini kidogo, tukafungua boneti. Oili inakuwa imejichorea njia kwenye weupe. Muuza duka wa jirani aliamini kwa miaka mingi kwamba Nzioka ana watoto wachanga wasiokua.

Na msidharau sababu za kijinga. Kulikuwa na Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mkarimu sana, aliyeleta pikapu ikitoa moshi wa buluu kama inafukiza nyuki. Mafundi wawili walikuwa wamemwambia afungue injini. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta imepita alama kwa kidole kizima.

"Hassan, hii oili unaongezanga lini?"

"Kila asubuhi, fundi. Kabla ya mbuzi kupanda."

"Unapima kwanza?"

"Kwa nini nipime? Mimi simnyimi mtu kitu, hata gari."

Tukamwaga ile ya ziada, moshi ukaisha siku ile ile. Alinitumia mguu wa mbuzi kila sikukuu mpaka alipohamia Garissa, na nakiri mguu ule niliula kwa raha kuliko kazi nyingi ngumu nilizofanya.

Nzioka alipofariki nikabaki mkubwa wa gereji. Kawaida ya vitambaa niliishika sana. Jioni nilisimama mezani nikiwakagua wengine, moja hadi saba, na mwenye upungufu nilimrudisha injinini bila huruma. Vyangu sikumbuki nani alivikagua. Nadhani hakuna. Mkubwa hakaguliwi, na mkubwa mwenyewe huona hivyo ni sawa.

Sasa nifike kwa lile gari. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, na chini yake injini ya silinda sita iliyokuwa na sauti tamu. Mwenyewe alikuwa Bwana Nthenge, afisa wa kilimo, aliyelinunua kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Nthenge alikuwa mtu mpole wa kuongea habari za michungwa na kutu ya kahawa, lakini ukimtia ndani ya gari lile anakuwa mtu mwingine. Kila Jumapili baada ya ibada alimpandisha mkewe, Kalondu, wakazunguka Mua mpaka njaa iwarudishe. Miaka kumi na moja iliyopita aliniletea nibadilishe gasketi ya kifuniko cha vali. Kazi ya asubuhi moja. Nilifungua, nikaziba matundu, nikasafisha, nikafunga. Siku hizo vitambaa vyangu vilitoka kwenye gauni la manjano la mke wangu, lenye maua ya buluu, ambalo alilitoa baada ya mimi kulimwagia oili kwa bahati mbaya. Yeye hakubali hayo maneno mawili ya mwisho. Nthenge aliondoka akipiga honi, na baada ya hapo sikumwona tena gereji. Nikadhani amepata fundi mwingine, nikanuna kidogo, nikaendelea na maisha.

Majuma mawili kabla sijastaafu, siku ya Jumatano, gari lile likaingia gereji na wingu lake. Kwa kweli wingu lilitangulia. Kalondu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha. Alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke mrefu anayeongea kana kwamba bado yuko wodini, na sasa mjane wa miaka mitatu.

"Habari ya siku nyingi, mwaitu," nikamsalimia, maana kwetu mwanamke wa heshima yake ni mama ya kila mtu.

"Nzuri. Muia, sikuja kutengeneza. Jumamosi saa tano kuna mtu wa Mlolongo anakuja kuchukua hii gari. Anataka bodi na viti, injini atatupa. Mafundi watatu wamesema imekufa. Mimi nataka tu wewe uniambie kama ni kweli."

"Na nikisema si kweli?"

Akaangalia usukani. "Nthenge alinishika mkono hospitalini akaniambia nisiiuze ikiwa hai. Ikiwa imekufa, sawa. Kwa hivyo nihakikishie."

Nimepewa kazi nyingi maishani, lakini sijawahi kuombwa cheti cha kifo cha gari. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa.

Mueni alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya ekzosi. Yeye alisomea kazi hii chuoni, ana kompyuta ya kuongea na magari ya kisasa, na ana masikio mazuri kuliko yangu. "Mzee, hii ni ringi," akasema. "Angalia, inatoa ikiwa imesimama, inatoa ukikanyaga, inatoa tu. Na huku chini inavuja kila mahali. Mbele, nyuma, juu. Kompyuta yangu haina hata mahali pa kuingia."

"Ringi za silinda zote sita zife siku moja?"

"Basi tupime."

Tukapima nguvu ya kila silinda kwa geji, moja moja. Zote sita zilikuwa nzuri, karibu sawa sawa. Injini yenye ringi mbovu haiwezi kutoa majibu kama yale. Mueni akarudia kupima mwenyewe, akapata yale yale, akakaa juu ya tairi. "Sasa hapo nimechanganyikiwa," akasema. Nilimpenda kwa hilo. Wale mafundi watatu hawakuchanganyikiwa, ndiyo maana hawakuona.

Tukaosha injini, tukaipaka poda. Jambo nililoliona likanishangaza zaidi: sili ya mbele na ya nyuma zilikuwa mpya, bila shaka kazi ya mmoja wa wale mafundi watatu, mpira wake bado laini, na zilivuja. Sili mpya ikivuja, kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani. Nikamtuma Mueni alete glavu ya mpira, ile nyembamba ya hospitali, nikaivisha kwenye mdomo wa kumiminia oili na kuifunga kwa uzi. Tukawasha. Glavu ikajaa mara moja, vidole vitano vikasimama kama kiwele cha ng'ombe wa kukamuliwa.

"Haipumui," akasema Mueni.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Kila injini huvujisha hewa kidogo kupita ringi, hata ikiwa mpya, na kuna bomba la kuitoa, kutoka kwenye kifuniko cha vali hadi kwenye chujio la hewa. Bomba hilo likiziba, hewa hutafuta njia nyingine: inasukuma oili kwenye sili, kwenye gasketi, hadi ndani ya silinda iungue. Hata sili ukibadilisha kila mwezi, itavuja. Mueni akaenda kununua oili mpya, mimi nikabaki kufungua bomba. Nikapuliza. Halikupitisha hata pumzi. Nikaingiza koleo ya mdomo mrefu kwenye shingo ya kile kifuniko, nikashika kitu laini, nikavuta.

Kilikuwa cheusi, kimelowa, kimejikunja. Nikakikunjua juu ya boneti. Katikati, mahali ambapo oili haikufika vizuri, palibaki rangi ya manjano na nusu ya ua la buluu.

Sitawaficha nilichofanya. Nilikitia mfukoni. Mikono yangu ilifanya hivyo kabla kichwa hakijasema neno. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na mbili tu, karamu ya kuniaga ilikuwa imeshapangwa, mwenyekiti wa mafundi alikuwa akiandaa hotuba kuhusu umakini wangu. Mueni aliporudi nikamwambia bomba lilikuwa limeziba.

"Na nini?"

"Uchafu," nikasema. "Shati liko kazini" haukuwa uongo. Huu ulikuwa.

Tulirudisha kila kitu, tukamimina oili mpya, tukawasha. Ekzosi ilitoa moshi wa zamani kwa muda, kisha ukapungua, kisha ukaisha kabisa, ikabaki ile sauti tamu. Mueni alicheza mduara mzima kulizunguka gari. Mimi nilitabasamu kwa mdomo tu. Mfukoni mwangu palikuwa pameloa hadi pajani.

Saa kumi na moja tukakusanyika mezani kama siku zote. Mueni akapanga vyake saba, vya kaptura ya ndugu yake. Mimi nikapanga vyangu saba, vya pazia. Akavipitia kwa macho, bila kukusudia kunikagua, akasema, "Saba, saba. Twende tunawe."

Ningeweza kunawa. Niliwaza hivyo, na nikamwona Nzioka mbele yangu, ananitazama kutoka kola hadi viatu. Nikatia mkono mfukoni nikaweka cha nane mezani.

Mueni akakigeuza kwa ncha ya bisibisi. "Hiki si cha siku hizi."

"Ni cha miaka kumi na moja."

Alikitazama kile kitambaa mpaka akaelewa. Nilisubiri anicheke au anidharau, na sijui ni kipi nilichokiogopa zaidi. Akauliza tu, "Utamwambia saa hii ama baada ya karamu?"

"Jumamosi. Kabla ya mtu wa Mlolongo."

Jumamosi asubuhi nikaendesha hadi Mua, Mueni ameketi kando yangu amegeuka nyuma kama mtoto. Tukapanda kwa nguvu. "Kitu?" "Hakuna." Tukageuza, tukateremka bila kukanyaga mafuta, na pale chini nikakanyaga kwa ghafla. "Kitu?" "Mzee, hakuna kitu. Ni vumbi tu." Tukapanda tena hadi kwa Kalondu. Nikasimamisha gari juu ya simiti mbele ya nyumba yake, mahali palipokuwa na madoa meusi ya zamani, nikatandika katoni safi chini ya injini.

Alitukaribisha chai na viazi vitamu barazani. Niliona nikianza kula nitashindwa kusema, kwa hiyo nikaweka kitambaa mezani, kando ya birika, nikamweleza kutoka asubuhi ile ya gasketi hadi koleo. Sikupunguza. Nikamwambia injini haijawahi kufa. Ilikuwa imezibwa pumzi, na aliyeiziba ni mimi.

Kalondu hakunitazama. Aliangalia yale madoa. "Miaka minane," akasema, "miaka minane nimemgombeza huyo mzee juu ya simiti yangu. Nilimwambia gari yake inanya kama kuku. Nikamwambia aegeshe huko nje ya geti, na huko nje akaona aibu ya moshi, akaacha kuendesha. Kila siku ananiambia, 'Kalondu, si mimi.' Nami namwambia, 'Sasa ni nani?'"

Nilishikwa na haya ambayo sijawahi kuijua. Gari nililifikiria siku tatu nzima. Jumapili za Nthenge sikuwa nimezifikiria.

"Nisamehe, mwaitu," nikasema.

Simu yake ikalia. Akaisikiliza kidogo, akasema, "Usikuje. Haijakufa," akaikata. Kisha akasimama, akaenda kwenye gari, akainama na kuvuta ile katoni. Akaigeuza upande huu na huu kwenye jua. Ilikuwa kavu kabisa. Akaibeba kwa mikono miwili kama trei ya dawa, akapita kando ya nyumba kuelekea kwenye michungwa, ambako Nthenge amezikwa, nasi tukamfuata tusijue la kufanya.

Akasimama kando ya kaburi akaiinua.

"Nthenge, angalia," akasema. "Hakuna hata tone. Haikuwa wewe. Hata gari haikuwa. Ilikuwa huyu." Akaninyooshea kidole bila kugeuka.

Nikavua kofia. Mueni alikuwa ameuma midomo, na sikujua kama anazuia kicheko au machozi, maana mimi mwenyewe nilikuwa na vyote viwili.

"Mwambie mwenyewe," Kalondu akasema.

"Pole, Bwana Nthenge," nikasema. "Nilihesabu vya wengine."

Upepo ukapita kwenye majani. Kalondu akangoja kidogo, kama muuguzi anayesubiri mgonjwa ajibu, kisha akaniwekea ile katoni mikononi.

"Amesikia," akasema. "Sasa kuja umalize chai, halafu unipe ufunguo. Kesho ni Jumapili."